Mke Wangu Amenipita Kimo

Jumatatu, 3 Novemba

Mke wangu amerefuka. Nimeligundua leo, mbele ya binti yetu, na sasa sina pa kulificha.

Purity alikuja kutoka Mikindani asubuhi akaishusha ile picha yetu ya harusi iliyo juu ya televisheni, akaipangusa vumbi. Mimi na Nyamvula mlangoni pa kanisa, hapa hapa Changamwe. Mimi nimevaa suti ya kuazima, kifua mbele, kichwa juu. Yeye na gauni jeupe refu na shela, kichwa chake kimeishia kwenye sikio langu. Kila mgeni anayeingia mtaani kwetu Chaani kunitembelea huonyeshwa picha hiyo kabla ya chai. Si kwa sababu ya suti.

Purity anasema Jumapili ya tarehe kumi na sita kutakuwa na ibada ya shukrani kwa ndoa yetu kutimiza miaka arobaini. Mpiga picha Chrispine atatupiga nyingine mlango uleule, tumesimama vilevile, kisha picha mbili zitundikwe pamoja. Nikalisifu wazo. Akatuomba tusimame tujaribu. Tukasimama. Purity akatazama picha, akatutazama sisi, akarudi kwenye picha. Kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Akasema, "Baba, mama amekupita."

Nikamwambia sakafu ya upande ule imeinuka. Tukabadilishana nafasi. Sakafu ya upande huu nayo imeinuka.

Nyamvula hakucheka. Alisema yeye hakurefuka, ni mimi niliyekunjika. Alisema kwa upole, na ndiyo maana liliniuma.

Ni kweli nimeendesha foklifti maisha yangu yote ya kazi, shingo mbele, nikichungulia kando ya mizigo. Lakini Nyamvula naye aliinamia cherehani kiwandani miaka hiyohiyo. Tulistaafu tumepinda wote wawili, kwa amani. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu. Tangu Pasaka anakwenda darasa la mazoezi ya wazee katika ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi. Nilidhani wanakwenda kupiga soga.

Kesho nitakwenda kuona wanalishwa nini.

Jumanne, 4 Novemba

Nimechungulia dirishani. Hawalishwi chochote.

Wazee walikuwa wameegemeza migongo ukutani, macho wamefumba, kimya. Hakuna vyuma vya kuinua. Hakuna kuruka. Mwalimu wao ni binti mdogo, Nduku, mtaalamu wa viungo kutoka zahanati. Alikuwa akipita mbele yao akizungumza polepole kama anayebembeleza kitoto. Sikilizeni nyayo zenu. Uzito uko wapi, visiginoni au vidoleni? Taya limelegea? Mabega yamepanda masikioni, au yametulia? Hakuna aliyejibu. Mzee Kadenge alikuwa amelala wima, nina hakika. Lakini nilipomtazama vizuri nikaona na yeye amenyooka. Kadenge, ambaye mwaka jana alikuwa akitafuta sarafu njiani bila kutaka.

Nikiwa bado nawaza, Nduku akanikuta dirishani. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikamwambia nimekuja kukagua mifereji ya paa. Akasema karibu ndani mzee, paa linaonekana vizuri zaidi ukiwa chini yake.

Akanisimamisha ukutani. Visigino viguse ukuta, makalio yaguse, mabega yaguse, kisogo kiguse. Vyote vikatii ila kisogo. Kati yake na ukuta ilibaki nafasi ya kupitisha birika.

"Mzee Mwarandu," akasema, "kichwa chako huwa kinafika kabla yako."

Wazee wakafumbua macho ili wapate kucheka. Nyamvula peke yake hakufumbua.

Nikaeleza kwamba ukuta umepinda. Nduku akaniuliza ninahisi nini. Nikasema nahisi ukuta. Akasema vizuri sana, watu wengi hawahisi hata huo, husubiri waanguke ndipo wakumbuke kwamba wana mwili. Nikisimama hivi kila asubuhi, bila kujikakamua, nikaupitia mwili wangu kuanzia nyayo mpaka utosini, baada ya miezi michache nitarudisha sehemu ya kimo changu, na hata nikizidi kuzeeka sitakuwa mtu wa kuangukaanguka.

Miezi michache. Picha ni wiki ijayo. Msichana huyu hajui maana ya dharura.

Nimekaa nikafikiri. Kama mimi siwezi kupanda haraka, Nyamvula anaweza kushuka. Akilikosa darasa mara kadhaa, mgongo wake utarudi ulikozoea.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango ulikuwa safi. Baada ya chai nilimwambia Nyamvula kwamba nimekutana na mlinzi wa kanisa, ukumbi unapakwa rangi, hakuna darasa leo. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema pole yao, akaingia chumbani na simu yake. Nikaketi barazani nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi mapema.

Sijamaliza kikombe, Mzee Kadenge akaingia uani. Nyuma yake akaja mama mmoja wa Migadini na kiti chake. Kisha wengine. Mwisho Nduku mwenyewe, na mkeka kwapani. Nyamvula alikuwa amewapigia wote akawaambia kwetu kuna uwanja, kuna kivuli, na mume wake atafurahi.

Wakapanga mstari kwenye ukuta wa nyumba yangu. Nikataka kuwazuia, nikakosa sababu ya kuwapa. Ukuta ule niliupaka chokaa juzi.

Mimi nikawekwa mwisho wa mstari, karibu na choo. Nduku akatuambia tuusikilize mwili unavyopumua. Niliusikiliza. Ulikuwa ukipumua kwa hasira. Akapita akaniwekea kidole kidevuni, akakisukuma nyuma taratibu, akasema si kwa nguvu, mzee, kama mtu anayetaka kusikia vizuri. Kwa muda mfupi maumivu ya shingo yakapungua. Sikumwambia.

Walipojitoa ukutani, wote walikuwa na migongo myeupe kama waliokumbatiwa na gunia la unga. Kadenge akajipapasa koti, akatazama kiganja, kisha akanitazama mimi. Akauliza kwa adabu kama hii ndiyo ile rangi ya ukumbi niliyoisikia.

Walipoondoka, Nyamvula akaniletea ndoo ya chokaa na brashi. Nimepaka upya mpaka jioni, nimeinama.

Jumamosi, 8 Novemba

Nguo iliyofuliwa ikitundikwa vibaya, hurefuka. Kila mtu anajua. Sweta langu la kazini lilinifika magotini kwa sababu hiyo. Sielewi kwa nini wataalamu wa viungo hawajalifikiria jambo hili.

Nyamvula alipokwenda sokoni, nilikwenda nyuma ya nyumba penye tangi la maji. Tangi limekaa juu ya vyuma. Nikapindua ndoo, nikapanda, nikashika chuma cha juu, nikainua miguu. Nilihisi uti wa mgongo ukifunguka pingili kwa pingili. Nilihisi ujana. Kisha nikatafuta ndoo kwa vidole vya miguu ili nishuke, nikaipiga teke, ikabiringika mpaka kwenye mgomba.

Chini hakukuwa mbali. Lakini kuna fundi aliyeacha kokoto pale, na mimi nilikuwa pekupeku, na magoti yangu hayaruki tena. Nikaamua kubaki pale mpaka nipate wazo.

Aliyetokea kwanza ni Ismail, fundi viatu, jirani yetu, amekuja kuazima ngazi. Ismail ni mtu wa Mvita, amelelewa. Haanzi jambo bila salamu.

"Salama, bwana Mwarandu?"

"Salama, bwana Ismail."

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Mama Purity hajambo?"

"Hajambo. Amekwenda sokoni."

"Na Purity, na wajukuu, inshallah wazima?"

"Wazima wote, bwana Ismail."

"Alhamdulillahi." Akaitazama ndoo kule kwenye mgomba. "Nikushushe, au ndivyo upendavyo?"

Nikasema anishushe. Akanikumbatia miguu kama anayebeba mche wa mnazi, akaniweka chini. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akasema wallahi hasemi. Kwa kuwa ameapa, nikaona nimweleze yote, picha, sikio, chokaa. Hakucheka hata kidogo, ila masharubu yake yalitikisika.

"Kimo alikugawia Mola, siwezi kuingilia," akasema. "Lakini soli ni kazi yangu."

Nimempa viatu vyangu vya ibada.

Jumatatu, 10 Novemba

Mabega hayainuki. Jana kanisani nilishindwa kushika kitabu cha nyimbo, Kadenge akanishikia.

Nyamvula amenikanda kwa mafuta ya nazi. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nilinyanyua gunia. Akauliza gunia gani, nyumba hii haina gunia. Nikajifanya nimesinzia. Akaendelea kukanda. Ana mikono mizuri. Akasema mwili wangu umekuwa ukinipigia kelele miaka mingi na mimi sipokei. Akasema njoo tusimame ukutani pamoja asubuhi, ni dakika chache tu. Nikakoroma kidogo.

Nimepima kwa jicho mbele ya kioo cha kabati. Nadhani Jumamosi nilirefuka, kisha leo maumivu yamenirudisha.

Jumatano, 12 Novemba

Viatu viko tayari. Ismail ameweka ndani kipande cha mpira wa tairi kilichoinuka kuelekea kisiginoni, juu yake ngozi laini. Kwa nje huoni kitu. Nikavivaa kibandani kwake, dunia ikashuka. Niliona mpaka juu ya friji ya duka la jirani. Kuna paka amelala.

Tatizo ni kutembea. Kisigino kikipanda, mwili wote unataka kwenda mbele, nao ukienda mbele lazima miguu ikimbie kuufuata. Nilitoka kwa Ismail kwa heshima, nikafika nyumbani kwa mbio ambazo sikuzipanga. Nilisimama kwa sababu ya mlango.

Nimefanya mazoezi barazani mchana kutwa. Nyamvula alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza ni mguu gani unaouma. Nikasema hakuna. Akasema natembea kama kuku aliyekanyaga lami. Kisha akaweka ungo chini, akaja, akaniwekea kiganja kisogoni, hakusukuma, aliweka tu. Akasema, "Uko wapi, baba Purity? Mimi naona uko mbele yako."

Nilimwambia niko hapa.

Nilichogundua mbele ya kabati sikukitarajia. Miguu imepanda lakini kichwa kimezidi kutangulia, na kwa hiyo kimeshuka. Kioo kilinionyesha ndoano iliyovaa viatu vizuri. Bado ananipita.

Ijumaa, 14 Novemba

Kilichohitajika ni mgongo wa kuazima. Nilipolijua hilo, mengine yalikuja yenyewe.

Nyamvula alipotoka kwenda kwa jirani niliinua godoro nikachomoa chaga moja ya kitanda, ile ya katikati, ambayo ukiitazama huoni kazi yake. Mti mzuri, mnyoofu. Nikaupachika mgongoni, nikajifunga kwa leso mbili za Nyamvula, moja kifuani na moja kiunoni. Juu nikavaa shati na koti la ibada. Nikajitazama. Bwana harusi alinitazama kutoka kwenye kioo. Uso umezeeka, lakini mgongo ni uleule wa siku ile. Karibu nitokwe na machozi.

Nyamvula akarudi, akapakua wali na mchuzi wa samaki. Nilikula wima. Kijiko kilikuwa na safari ndefu na mchuzi mwingi ulishukia njiani. Akauliza kwa nini nimevaa koti na joto hili. Nikasema nalizoesha. Akauliza kwa nini simtazami. Nikageuka mwili mzima, kama foklifti inavyogeuka. Hakuuliza tena. Akasema amechoka, anakwenda kujinyoosha kidogo.

Nikaikumbuka chaga. Nikataka kumwita arudi. Kabla sijapata neno la kumwita bila kujishtaki, kikasikika kishindo.

Nilimkuta katikati ya kitanda, amezama, godoro limemkumbatia pande zote na miguu iko juu. Sijaogopa hivyo tangu siku Purity alipozaliwa. Nikataka kuinama nimwinue, chaga ikakataa. Nikapiga magoti nimenyooka kama mshumaa, tukawa tunatazamana.

"Umeumia wapi, Nyamvula?"

Akafumba macho. Nilimwona akiupitia mwili wake, bila haraka, nyayo, nyonga, mgongo, shingo, kama mtu anayezunguka nyumba yake kuangalia milango. Nilisubiri. Sikuwahi kusubiri hivyo kujua jambo la mtu mwingine.

"Sijaumia," akasema. Kisha, "Hebu geuka."

Nikageuka. Akanigonga mgongoni. Ukalia kama mlango.

Nilidhani atanigombeza. Alicheka sana, kitanda kikazidi kushuka, kisha akaacha kucheka, akabaki ananitazama kutoka mle shimoni.

"Baba Purity, ile picha ya harusi umewahi kuitazama vizuri?"

Nikasema naitazama kila siku.

"Mimi nimekunja magoti."

Sikuelewa. Akanieleza. Pale mlangoni pa kanisa mpiga picha alipotupanga, vichwa vyetu vilikuwa vimelingana. Marehemu mama yangu akapita nyuma kama anayenyoosha shela, akamnong'oneza bibi harusi ashuke kidogo, mwanawe asidharauliwe. Gauni lilikuwa refu, hakuna aliyeona. Akakunja magoti, akakaa hivyo mpaka picha ikapigwa.

"Nilianza kuinama siku ile," akasema. "Nilikuinamia wewe, kisha nikaiinamia cherehani, mpaka nikasahau kuna namna nyingine. Sasa nimefundishwa kusimama nikaona raha. Unataka nishuke tena?"

Nilitaka kusema jambo kubwa. Nikasema samahani kwa kitanda.

Akanifungua leso. Tukairudisha chaga mahali pake, yeye ameshika upande huu na mimi ule. Alipotoka nikaishusha picha, nikavaa miwani. Kweli gauni limefanya mkunjo pale usawa wa magoti. Nimewaonyesha wageni mkunjo huo miaka yote.

Nimekaa nao mpaka jioni. Nimejaribu kufikiri kwamba huenda ni upepo.

Jumapili, 16 Novemba

Leo ndiyo siku. Chaga imebaki kitandani. Hilo niliamua kwa heshima ya mke wangu. Viatu nimevaa. Ismail angevunjika moyo.

Ibada ilikwenda vizuri. Mchungaji alitusimamisha, akaomba, watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilisimama nimeshika benchi la mbele kama mtu aliyezama katika maombi. Nyamvula alikuwa na gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, shingo wazi, mabega yametulia. Nilimsikia mama mmoja nyuma yetu akisema ona huyu, utadhani ndiye binti.

Baadaye tukatoka mlangoni. Kanisa zima likatoka nasi. Chrispine akaitazama picha ya zamani kwenye simu ya Purity, akatupanga, mimi kulia, Nyamvula kushoto, ngazi ya juu kabisa. Akainua kamera, akaishusha. Akaitazama tena simu. Alikuwa kijana mwenye adabu, lakini nilijua anachohesabu kichwani.

Ndipo Nyamvula akaniinamia sikioni. Sauti yake ilikuwa ndogo, hakuna mwingine aliyesikia.

"Nikunje magoti?"

Hakuwa ananikejeli. Angekunja. Kama ningesema ndiyo, angeshuka palepale mbele ya watu, na gauni lile lilikuwa refu vya kutosha, na mimi ningeipata picha yangu.

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ukasema, "Hapana. Simama ulivyo."

Sijui nani aliusemesha. Nikamwona akipumua, akapanda kidogo zaidi. Na mimi, kwa kuwa sasa nilikuwa peke yangu katika vita hii, nikajivuta juu kwa nguvu zote, kifua mbele, kidevu juu, nikakanyaga kisigino cha kulia.

Mpira wa tairi ukateleza ndani ya kiatu. Mguu ukaenda upande wake na mimi upande wangu. Niliziona ngazi zote za kanisa zikinijia usoni, zile za saruji, na nikakumbuka maneno ya Nduku kuhusu watu wanaosubiri kuanguka.

Sikufika. Mkono ulinizunguka kiunoni. Nyamvula hakuruka wala hakupiga kelele. Alikuwa ameikita miguu yake, magoti yamelegea kidogo, uzito ameuweka chini, na mimi nikamwangukia kama mtu anayeangukia nguzo. Hakutikisika. Nikabaki nimening'inia pale, kinywa wazi, namtazama kutoka chini.

Chrispine akapiga picha.

Nduku alikuwepo miongoni mwa watu. Alipiga makofi peke yake kwanza, kisha wote wakafuata. Akawaambia wazee wa darasa lake kwamba hicho walichokiona ndicho anachowafundisha. Mzee Kadenge akaokota kile kipande cha mpira kilichochomoka kiatuni, akanirudishia kwa mikono miwili, akisema nimeangusha kitu.

Ismail, aliyekuja kutupongeza na kusimama upande wa barabara, alikuwa akitazama angani.

Jumatatu, 17 Novemba

Kifundo cha mguu kimevimba, si sana. Purity amekuja na picha. Imeshachapishwa kabla sijapata nafasi ya kuikataa.

Yeye amesimama wima anacheka, mkono wake kiunoni mwangu. Mimi nimelegea mkononi mwake, nimeinua uso, macho yametoka. Purity anasema hajawahi kuona baba akimtazama mama namna hiyo, na kwamba mtu yeyote ataona ni mapenzi. Nikamwambia ni hofu. Nyamvula akasema hata harusini ilikuwa hofu. Zikatundikwa pamoja juu ya televisheni.

Kabla ya hapo, asubuhi na mapema, niliamka nikamkuta Nyamvula yuko uani ameegemea ukuta. Sikuitwa. Nilikwenda mwenyewe, pekupeku, nikasimama kando yake. Visigino, makalio, mabega. Kisogo bado hakikufika, lakini hakikuwa mbali kama siku ile. Nikafumba macho. Nikasikiliza nyayo zangu, na kwa mara ya kwanza zikajibu: kulia uchungu wa kifundo, kushoto ubaridi wa saruji. Nikapanda taratibu. Magoti. Nyonga. Mgongo uliokaa kwenye kiti cha foklifti siku zote hizo. Taya nililokuwa nimelibana bila kujua, pengine tangu nilipoajiriwa. Likalegea. Nilisikia pumzi yangu, kisha pumzi ya Nyamvula, kisha sikuweza kuzitenganisha. Nikafikiri kwamba mtu anaweza kuzeeka hivi bila kulalamika. Nilifikiri hivyo kweli, na naandika ili isije ikasemwa kwamba sikuwahi kufikiri.

Kisha nikafumbua jicho moja.

Nyamvula alikuwa bado amefumba yake, uso umetulia, hana habari na dunia. Uani hapakuwa na mtu. Nikainua visigino. Polepole, bila kutikisa bega. Nikapanda, nikapanda, mpaka utosi wake ukawa chini ya macho yangu, na nywele zake zenye mvi nikaziona kwa juu, kama zamani. Niliiona nyumba yangu na ua wangu na mke wangu, kila kitu mahali pake.

"Visigino chini, baba Purity," akasema, macho bado amefumba.

Nimelichunguza jambo hili siku nzima. Hakuniona, haiwezekani. Ni magoti yaliyonisaliti, yalilia wakati wa kupanda. Kesho nitawasha redio kwanza.